Dole Gumba la Lachlan Orde

Miaka nenda rudi nimechanganya bahari ya Lachlan Orde, na sijawahi kumwona mtu huyo akilowesha hata kifundo cha mguu. Watu wanasimama mbele ya picha zake, wanashusha pumzi, wanasema mzee huyu ameielewa bahari. Bahari naielewa mimi, Fabian Zerafa, mtoto wa Wamalta wa Pendle Hill, kwa sababu ndimi ninayeisaga ile buluu na kuipaka tabaka juu ya tabaka mpaka shingo inakakamaa. Waogeleaji waliomo ndani ya bahari hiyo, nyuso zao, mikono yao, mabega yao yaliyobabuka kwa jua, ni kazi ya Thea Komninos. Mzee mwenyewe ana dole gumba.

Sifanyi mzaha. Kila Ijumaa asubuhi anaingia kwenye karakana yetu ya Marrickville na kikombe cha chai mkono wa kushoto. Picha zilizokamilika tunazipanga kwenye reli ya mbao chini ya dirisha la kusini. Anachovya dole la kulia kwenye buluu niliyomwekea kisahanini, anapita akibonyeza pembe ya chini ya kila picha, moja baada ya nyingine, kama karani wa posta anayegonga mihuri. Halafu anafuta kidole kwenye aproni ya aliye karibu, na mara nyingi aproni hiyo ni yangu. Kuanzia hapo picha ni ya Orde.

Simlaumu kwa kuwa na wasaidizi. Mchora ramani hashiki mwiko wa saruji, na nyumba inaitwa yake, hakuna anayelalamika. Wazo la bahari lilikuwa lake kweli, enzi zile alipokuwa akichora mwenyewe, na zile picha za mwanzo ni nzuri, siwezi kumnyima hilo. Ninachomlaumu ni kusahau. Alianza kwa kusema picha zetu, akaja kusema picha zangu, na mwishowe akawa anawasimulia wageni, sisi tumesimama pale pale, jinsi alivyohangaika na bega la mwogeleaji fulani, bega ambalo Thea alilimaliza huku anakula mkate wa jibini. Na wala hakuwa anadanganya. Alikuwa anakumbuka.

Thea ni mwanamke mfupi, nywele kafunga kwa kitambaa cha kufutia brashi, ulimi wembe. Alikuja karakanani akiwa ndiyo kwanza ametoka chuo, Orde akampa ahadi: fanya kazi, ukiiva nitamwambia dalali wangu akupe ukuta, maonyesho yako mwenyewe, jina lako. Alishaiva zamani. Ahadi ilibaki mbichi.

Nisingejali sana kama si baba yake. Mzee Stamatis alikuwa na duka la mikate pale Illawarra Road mpaka unga ulipommaliza mapafu, na nilipomjua alikuwa anatembea na mtungi wa hewa kwenye kigari, mirija puani, akitukana ngazi. Daktari alikuwa ameacha kuzungumzia mwakani. Siku moja tulipompelekea samaki, alimwambia binti yake mbele yangu, "Jina la Komninos limekaa kwenye mifuko ya mikate maisha yangu yote. Watu wanakula, wanatupa. Nataka kuliona mara moja tu mahali ambapo hawatupi."

"Utaliona, baba."

"Lini? Mimi si jiwe."

Basi Thea akaamua kumchora yeye mwenyewe na kumpeleka kwenye ile tuzo ya picha za watu inayofanywa kila mwaka mjini. Yeyote anaruhusiwa kuingia. Sharti lao kubwa ni kwamba anayechorwa awe hai, na awe amekaa mbele ya mchoraji mwenyewe. Jumapili baada ya Jumapili alimkalisha babake jikoni kwao Earlwood akamchora kwa mkaa. Ila rangi ya mafuta haikuwezekana pale, kwa sababu daktari alikataza harufu ya tapentaini ya kuyeyushia rangi karibu na mapafu yale. Ndipo akaleta turubai yake, aliyoinunua kwa pesa yake, akawa anaimalizia karakanani sisi tukishaondoka.

Ilikuwa wiki ya Ijumaa Kuu. Ijumaa ikiwa sikukuu, dole linasogezwa Alhamisi. Ndivyo ilivyo kila mwaka na Thea alijua. Lakini Pasaka ya Wagiriki, ya kina Thea, mwaka ule ilikuwa mbali bado, kichwa chake kilikuwa kwenye kalenda ya kanisa lao na miadi ya hospitali ya babake, akajiambia wiki hii hakuna dole. Jumatano jioni aliiweka picha relini, penye hewa nzuri ya kukaushia, akaenda zake. Alhamisi asubuhi akampeleka babake kliniki.

Niliikuta pale. Hata koti sijavua, Orde akaingia na chai yake.

Akaanza kubonyeza. Bahari, bahari, bahari, halafu mwokaji. Akasimama. Ilikuwa picha ya kumfanya mtu anyamaze: Stamatis na fulana yake, mikono imelala mapajani, makovu ya tanuri yamepanda mpaka kwenye viwiko, nyusi moja imeungua na haikuota tena, na macho ya mtu aliyeamka kabla ya wenzake maisha yake yote na hajasamehe. Orde aliitazama mpaka chai ikaacha kutoa moshi.

"Mzee, hiyo si yetu," nikasema. "Hiyo ni ya Thea. Ni babake."

"Naona."

"Kaiweka hapo ikauke tu."

"Kaiweka wapi?"

"Relini, lakini..."

"Reli ni ya nani, Fabian?"

Ndege ikapita juu ya paa, zinavyopita kila mara pale kwetu, tukangoja imalize kelele zake. Nikamwambia, "Mzee, nakuomba. Ana hiyo moja tu."

"Basi ana kidogo sana," akasema, akachovya dole, akabonyeza. Akafuta kidole kwenye aproni yangu. "Mpigie Wroxton. Mwambie alete gari leo, si kesho."

Wroxton ni dalali wake, mwanamke anayeweza kunusa pesa kupitia ukuta wa matofali. Kufika saa sita picha ilikuwa imepigwa picha, imefungwa, imekwenda. Thea aliporudi mchana, aliona pengo kwenye reli, akacheka.

"Fabi, acha utoto. Nirudishie baba yangu."

"Sikumficha mimi."

Aliitazama aproni yangu, lile doa la buluu bado linang'aa. Hakuuliza tena. Alikaa chini sakafuni penye matone ya rangi za miaka yote.

Jumanne baada ya sikukuu alimsubiri Orde mlangoni. Mimi nilikuwa nasaga rangi, na nitawaambia nilichosikia.

"Ile picha ni yangu, mzee. Hata turubai nilinunua mwenyewe."

"Turubai nitakurudishia."

"Baba yangu alikaa mbele yangu mimi. Jumapili zote."

Orde hakupandisha sauti. Hajawahi kupandisha sauti, mtu yule, ndiyo maana wageni wanampenda. Alimshika bega, akamgeuzia kwenye picha kubwa ya waogeleaji. "Ile pua pale, nani kaichora?"

"Mimi."

"Ni ya nani?"

"Yako."

"Na mwokaji umemchora kwa mkono mwingine? Ulikwenda dukani ukanunua mkono wa Jumapili?" Akatabasamu. "Thea, mwanangu, nikusaidie. Ungempeleka yule mzee popote, watu wangesema ni Orde. Ungechora paka, wangesema paka wa Orde. Mimi nimewaondolea shaka tu."

"Iliyowekwa kwenye picha zako ni mikono yangu."

"Ndiyo. Nami nimeilipia." Kisha, akiwa ameshageuka kwenda zake, "Nakumbuka nilikuahidi ukuta. Usinifanye nisahau."

Wiki hiyo hiyo akatutangazia, kama vile anatupa zawadi, kwamba baada ya miaka mingi ameamua kurudi kwenye tuzo ya picha za watu. Anaingia na mwokaji.

Nilidhani Thea atavunjika. Badala yake aliniita nje penye mapipa ya taka, macho yanawaka. "Kajiingiza mwenyewe mtegoni. Sharti ni nini? Baba alikaa mbele ya nani? Watamuuliza, Fabi. Watamuuliza baba."

"Na babako atasema?"

"Baba hajui kudanganya hata uzito wa mkate."

Alitaka kuingia na picha ya pili, ya babake yule yule, ili watu wa tuzo wakutane na wachoraji wawili wanaodai kuketiwa na mzee mmoja, walazimike kuuliza. Mahali pa kuchorea hakuwa napo. Nikampa gereji yangu. Jumapili tulimchukua Stamatis kwa gari mpaka Pendle Hill, tukamkalisha kwenye mlango ulio wazi ili upepo uondoe harufu, blanketi jekundu magotini, mtungi pembeni, na mke wangu anamletea supu. Baridi ilikuwa imeanza. Mzee alitetemeka na kututania.

"Funga mlango kidogo, usije ukaniua kabla hujanimaliza."

"Usisogeze kidevu, baba."

"Kidevu changu kinasogea chenyewe, kinakwenda kukutana na Mungu. Wewe Mmalta, mbona unanitazama hivyo? Nakudai?"

"Nakutazama uzuri wako, mzee."

"Chukua namba, panga foleni."

Picha ile ya pili ilikuwa bora kuliko ya kwanza. Nasema hivyo kwa sababu hakuna mwingine atakayesema. Stamatis alikuwa amekonda, na Thea hakumwonea huruma hata kidogo: mirija puani, ngozi ya shingo inayoning'inia, midomo iliyoanza kuwa na rangi ya jioni. Lakini jicho lilikuwa linacheka. Kwenye picha ya kwanza alikuwa mwokaji. Kwenye hii alikuwa baba wa mtu. Pembeni, chini, Thea aliandika Komninos kwa herufi za kawaida, na Stamatis alisogeza kigari chake akazisoma kwa kidole bila kugusa.

Mpango ulikwenda kama alivyotaka. Kwenye mlango wa mizigo wa jumba la tuzo, Tuimavave, Msamoa anayefungua makasha, alizisimamisha zote mbili ukutani akakuna kichwa. "Huyu mzee mmemzaa mapacha?" Wakubwa wakaitwa. Bibi Prudence Lisle, msimamizi wa tuzo, mwanamke wa haki mwenye miwani ya kamba, akaagiza pande zote zije, na aliyechorwa aje kama afya inamruhusu.

Afya haikumruhusu, akaja. Alivaa suti aliyoolea, imekuwa pana kama ya kuazima. Thea alisukuma kiti cha magurudumu, mimi nikabeba mtungi. Orde alishafika, kasimama na kofia mkononi, mpole kama mtu aliyekuja kutoa damu. Alimwinamia Stamatis kidogo. Stamatis naye akainamisha kichwa. Niliona hilo, nikadhani ni adabu za wazee.

Bibi Lisle alichuchumaa ili wawe macho kwa macho. "Bwana Komninos, samahani kwa usumbufu. Swali ni moja tu. Ulipochorwa, ulikaa mbele ya nani?"

Stamatis alivuta hewa. "Mbele ya Bwana Orde."

Nilimtazama Thea. Alikuwa bado anatabasamu. Uso ulikuwa haujapata habari.

"Na hii ya pili?" akauliza Bibi Lisle.

"Ah, hiyo? Huyu binti yangu anajifunza. Anaangalia kazi ya mzee, anaiga. Si mbaya, eh? Lakini mchoraji ni bwana huyu. Binti kazi yake ilikuwa kutuletea kahawa." Na kwa jicho lile lililokuwa mbali na Bibi Lisle, akamkonyeza mwanawe.

Nilifungua mdomo. Thea akanikanyaga mguu kwa buti lake la kazi, kwa nguvu zote, bila kunitazama. Macho yake yalikuwa kwenye kifua cha babake, kinachopanda na kushuka ndani ya suti ile. Angesema neno moja, mzee angekuwa mwongo mbele ya watu, na pumzi ya kujitetea hakuwa nayo.

"Ni kweli, Bi Komninos?"

"Kweli," akasema Thea. "Kahawa tu."

Orde alivaa kofia yake. "Msimwadhibu," akamwambia Bibi Lisle kwa huruma. "Ni kijana mwenye kipaji. Wote tulianza kwa kuiga." Tuimavave akaigeuza picha ya gereji, uso ukatazama ukuta, akaandika kitu mgongoni kwa chaki.

Ndani ya gari Stamatis alikuwa na furaha ambayo sijaiona kwa mgonjwa. Alipiga paja lake. "Mmeniona? Mmeniona nilivyowafunga kamba?"

Nilikuwa naendesha, na nilihisi mikono yangu kwenye usukani kama ya mtu mwingine.

"Alikuja nyumbani, yule mzee wenu," akaendelea. "Jumatano, wewe uko kazini. Kaleta keki, ya dukani kwa yule mwizi Pantelis, kavu, lakini kaleta. Mtu wa heshima. Akanieleza kila kitu, mwanangu. Kwamba umechorea kwake, kwa rangi zake, kwa saa zake, na ukaweka jina lako. Kwamba huo ni wizi, na ile picha ya pili ni kughushi, na Wroxton sijui nani anataka kukupeleka mahakamani. Yeye hataki. Anakupenda. Akasema, Bwana Komninos, ukisema ulikaa kwangu, kesi imekufa. Na Agosti nampa binti yako ukuta. Maonyesho yake mwenyewe, jina kwenye kioo cha mlango." Alikohoa, akapumzika, akavuta hewa. "Nikamwambia, weka mkono hapa. Akanipa mkono. Agosti. Mimi nimefanya biashara miaka yote, najua mtu anayelipa."

"Ulimsimulia na mambo ya gereji, baba?"

"Yote. Alicheka sana lile la kufunga mlango. Nimekuokoa, Thea. Niambie nimekuokoa."

Taa ilikuwa nyekundu. Thea alikuwa kiti cha nyuma, kashika mtungi katikati ya magoti ili usigonge.

"Umeniokoa, baba," akasema. "Asante."

Hapo ndipo ungedhani Orde ametosheka. Lakini ubaya aliousuka mtu yule unaendelea kufanya kazi yeye akiwa amelala. Stamatis alianza kuiogopa picha ya gereji. Watu wa tuzo walipoirudisha, hakulala. Ikionekana je? Wakija watu wa Wroxton je? Kila Thea alipofika kumwogesha, alimuuliza imefichwa wapi. Mwishowe akamwambia aifute, na afute mbele yake, aone kwa macho yake, afe na amani.

"Nitaificha vizuri, baba."

"Vilivyofichwa vyote hupatikana. Futa, mwanangu. Utachora nyingine, wewe bado kijana. Agosti utakuwa nazo nyingi."

Tulimleta Pendle Hill tena, mara ya mwisho. Tulimkalisha mlangoni pale pale, blanketi lile lile. Thea aliniomba nimchanganyie nyeupe. Mimi nimechanganya kila rangi niliyowahi kuagizwa, nimechanganya hata rangi za picha nilizozionea haya, lakini ile nilikataa. Akachanganya mwenyewe, akachukua brashi pana ya kupakia kuta, akaanza kwenye pembe yenye jina. Stamatis alimwelekeza. Hapo juu bado. Sikio linaonekana, rudia. Jicho lile linalocheka lilikuwa la mwisho, na Thea alisita, na mzee akasema, kwa upole kabisa, "Na hilo."

Turubai iko kwenye gereji yangu mpaka leo, nyeupe tupu. Mke wangu anataka niitupe.

Orde hata hakushinda. Tuzo ilikwenda kwa picha ya mcheza raga na mbwa wake, na yeye aliinua mabega, akasema majaji wa siku hizi hawana macho. Mwokaji alinunuliwa usiku ule ule wa ufunguzi na tajiri wa migodi, akatundikwa sijui ngazi gani ya nyumba gani. Mwezi wa sita Thea alimuuliza Wroxton kuhusu ukuta wa Agosti. Wroxton alitoa macho. Ukuta gani? Agosti wana kijana msanii wa vioo kutoka Hobart, tangu mwaka jana. Lachlan hakumtajia kitu.

Stamatis aliishi wiki chache zaidi, na kila jioni aliuliza ukuta utapakwa rangi gani.

"Mweupe, baba."

"Na jina?"

"Jeusi. Kubwa."

"Waambie mafundi wasikosee, wazungu hukosea. Komninos, si Cominos. Umesikia?"

"Nimesikia."

Alikufa Julai, asubuhi, saa za mikate.

Tulimzika kwa kanisa lao, na kutoka makaburini tulirudi ukumbini kula samaki na kunywa brandi kwa ajili ya roho yake. Mlangoni shangazi Evdokia, dada wa marehemu, mama wa watu ambaye hakujua lolote, alikuwa anagawa vikadi vya kumbukumbu. Alikuwa ameitafuta picha nzuri ya kaka yake nyumba nzima, akakuta za harusi na za kitambulisho, hakuridhika. Ndipo akakata ile iliyokuwa kwenye kitabu cha maonyesho, akaipeleka kwa mpiga chapa. Kila mtu ukumbini mle alikuwa ameshika Stamatis Komninos, alizaliwa, alifariki, na chini kulia, karibu na kiwiko chake, dole la buluu.

Orde alikuja. Koti jeusi, nywele nyeupe zimechanwa, akasimama katikati ya akina mama wa Kigiriki kama mkwe aliyesubiriwa. Shangazi Evdokia alimbusu mikono yote miwili.

"Ulimchora kaka yangu kama alivyokuwa, mzee. Mungu akubariki."

"Alikuwa mtu bora kuliko wote niliowahi kuwachora," akasema Orde. Nilimtazama usoni nikitafuta uongo, sikuuona. Macho yalikuwa yamelowa. "Baridi ile, mama, na yeye na mapafu yale, hakulalamika. Alikaa pale mlangoni, blanketi la kijani magotini, akaniambia nifunge mlango nisije nikamuua kabla sijammaliza."

Akina mama wakacheka na kulia kwa pamoja. Ndivyo hasa alivyokuwa Stamatis, wakasema.

Thea alikuwa nyuma yao na birika la kahawa, anazunguka meza kwa meza, kwa kuwa ni mtoto wa marehemu na ndiye mwenye wageni. Alikuwa amesikia. Alisogea mpaka mbele ya Orde, na mimi niliweka glasi yangu chini, nikajiandaa, kwa lolote.

"Lilikuwa jekundu, mzee," akasema.

"Nini?"

"Blanketi."

Orde alifikiri, kwa dhati kabisa, kama mtu anayejitafutia kumbukumbu yake mwenyewe. "Jekundu? Labda. Kwenye picha yangu halipo, ndiyo maana nimesahau." Akamgeukia tena shangazi Evdokia, akaendelea na hadithi pale alipoiachia, na bila kutazama akanyoosha kikombe chake kitupu upande aliokuwa Thea.

Thea akakijaza. Hakumwaga hata tone, mkono ule haujawahi kutetemeka. Kisha akauliza kama anataka sukari, ingawa anajua hatumii, na Jumatatu asubuhi nilimkuta karakanani kabla yangu, aproni kaifunga, anaanza bega la mwogeleaji mpya.